Kona ya Serikali

Chumbani kwangu,
Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Kwako Dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Shemeji, na wanangu wote wawili. Goti lako linaendeleaje? Ulisema linakusumbua ukishuka kutoka kwenye tuta, nami nakujua, hutapumzika mpaka likukatalie kabisa. Mkubwa amepona mafua? Na mdogo mwambie mama mdogo wake hajasahau mkoba wa shule, ila rangi aliyoitaka sijaiona dukani. Mimi huku mwili haujambo. Kile kikohozi cha Agosti kimekwisha. Usingizi tu ndio umekuwa mgeni, unakuja ukipenda.

Najua utashangaa kupokea karatasi nyingi hivi wakati simu ipo. Juzi nilipiga, na jana nikapiga tena, mara zote nikakata mwenyewe kabla haijaita. Kwenye simu ungenikatiza kwa huruma, na ukishanihurumia mimi hunyamaza. Nimemwomba Mzee Kiraka, anayerudi huko kesho, akukabidhi barua hii mkononi mwako, asimpe Shemeji wala mtoto.

Ni yeye aliyenipa habari zako, maana wewe kila nikikuuliza husema mambo ni ya kawaida. Alifika ofisini jana saa nne, na kofia yake ile iliyotiwa kiraka cha gunia, akamwambia karani wa mapokezi kwamba anamtafuta binti wa dirisha, jina mnaloniita huko kwa ajili ya fremu yangu. Karani akamwelekeza kwa fundi wa madirisha nyuma ya jengo. Alirudi baada ya nusu saa amekasirika, akasema ofisi nzima hii haijui watu wake, halafu inataka kujua mpunga wetu.

Alipotulia akanieleza. Kwamba Jumamosi hii, tarehe 18, wanachama wanakutana ghalani saa tatu asubuhi. Kwamba umekwisha kuwaambia wajumbe kuwa utajiuzulu uenyekiti wa chama cha wakulima, na yale majaruba yako mawili ya mdomo wa mfereji, yanayopata maji kabla ya mashamba mengine yote, utayaacha chama kiwagawie wale ambao mpunga wao uliharibika zaidi. Alisema Shemeji, tangu asikie, anashinda uani akitengeneza baiskeli ambayo haijaharibika. Dada, majaruba hayo ndiyo yaliyonisomesha kidato cha kwanza mpaka cha nne. Nimewahi kuhesabu matuta yake kwa miguu mitupu, yako kumi na moja.

Kwa hiyo ni lazima usome haya kabla ya Jumamosi. Nimeketi na daftari langu la kila siku, lile mnalolicheka na kuniita Karani, kwa sababu nataka kusema kila jambo kwa tarehe yake nisije nikalipaka sukari. Na kwa kuwa nitakuomba barua hii isikiwe na wengine pia, utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua.

Tarehe 12 Mei nilianza kupima skimuni kwetu, kwenye mashamba ya umwagiliaji. Kazi yenyewe ni hii. Nina fremu ya chuma ya mraba, kila upande mita moja. Ofisi imenipa jedwali la namba. Natakiwa nisimame kwenye kona ya jaruba, nisome namba inayofuata, nitembee hatua hizo kuingia ndani, na pale mguu unapoishia niilaze fremu, pawe pazuri pawe pabaya. Mpunga ulio ndani yake naukata, naupura, naupepeta, naupima. Ukishapima majaruba sitini namna hiyo, unaweza kusema skimu nzima itatoa kiasi gani.

Hayo ni ya kitabuni. Kwetu, tangu enzi za Baba, ushuru wa mazao hukatwa kwa kufuata makadirio ya mpimaji, basi kila mkulima huacha kona moja ya jaruba bila kuipalilia, na mpimaji akija huongozwa huko. Baba aliiita kona ya serikali. Alikuwa akisema serikali nayo ina haki ya kulima, kwa hiyo iachiwe kona yake ilime magugu. Wapimaji walionitangulia walijua, wakafumba macho. Na mimi, binti wa Baba, katika miaka yangu mitatu ya kazi hii sikuwahi kulitoa lile jedwali mkobani.

Siku hizo zilikuwa za furaha, ndiyo maana naona uchungu kuzikumbuka. Wanawake waliokuwa ng'ambo ya mfereji waliniona na fremu begani wakapaza sauti, dirisha tunaliona, nyumba utajenga lini? Nikawajibu nitajenga wakinichangia matofali. Mzee Kiraka mwenyewe alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye kona yake kama anayempeleka mgeni kumwona mgonjwa. Alisema mpunga ule una huzuni, hata yeye akiupita huusalimia kwa sauti ya chini. Nilicheka mpaka nikakosea kuandika. Kona yake ilitoa gramu mia mbili na arobaini. Nyuma yetu mpunga wake mwingine ulikuwa umeinama kwa uzito.

Tarehe 21 Mei nikafika kwako. Daftari linasema: "Jua kali. Dada amepalilia mpaka kona." Mwaka huu hukuacha kona ya serikali. Ulisimama katikati ya jaruba, mpunga ukiwa kiunoni, ukaniambia, "Weka hapa." Ulisema umechoka kukisia kila mwaka, unataka kujua una nini hasa shambani ili ujue utaweka nini ghalani. Kisha ukaniuliza namba hizi siku hizi zinakwenda wapi. Nikakujibu kuwa zinakwenda kule kule kwa siku zote. Jibu hilo nitalirudia.

Mavuno yalianza tarehe 26. Tarehe 7 Juni mkakutana ghalani, na mimi nilikuwa nimekuja kuwasalimu, nikasimama mlangoni. Uliwaambia wanachama wasiuze kwa mwenye mashine ya kukoboa kwa bei yake ya msimu, kwamba kila mwaka hununua kwetu mapema kwa bei ya chini na kuuza Septemba kwa bei ya juu, na mwaka huu mpunga ni mwingi na ghala ni letu, kwa nini tusiingoje Septemba sisi wenyewe? Mtu mmoja akasema tumbo halijui kungoja. Ukamwambia abaki na gunia la tumbo, mengine ayalete. Wakacheka, wakaleta. Magunia mia nne na kumi na mawili. Niliona fahari, Dada. Niliandika hivyo: "Nimeona fahari." Na huo ulikuwa mwezi Juni, nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwako.

Tarehe 9 Julai nikaona gunia la kwanza la mchele wa meli, katika duka linaloelekeana na chumba changu. Jeupe, lina picha ya ua jekundu, mdomo umeshonwa kwa mashine. Muuza duka aliniambia bei yake nikadhani ananitania. Alisema mkulima wa huko unakotoka hulipwa na serikali yake kabla hajashika jembe, hulipwa tena akivuna, na kinachozidi hupakiwa melini kije kwetu, kwa hiyo wewe na dada yako mtashindana naye kwa lipi? Watu walifurahi, na siwalaumu. Mama mwenye nyumba yangu ana watoto watano. Alipika wali siku nne mfululizo, akaniletea sahani mlangoni, nikaila. Ulikuwa mtamu. Nililia kidogo, nikamwambia ni moshi wa jiko.

Yaliyofuata huko unayajua kunishinda. Mwenye mashine alizima mashine yake, akageuza banda kuwa stoo ya magunia meupe, na ulipomfuata alikwambia hana ugomvi na wewe, yeye anafuata bei tu. Agosti ikapita. Septemba mliyoingoja ikafika na bei ya chini kuliko ya Mei. Tarehe 28 Septemba mvua ikaja kabla ya wakati wake na paa la ghala likavuja upande wa kaskazini. Mzee Kiraka alisema mlipohamisha safu za juu, za chini zilikuwa za moto kama mkate, na punje zimegeuka manjano.

Lakini nirudi nyuma kidogo, tarehe 14 Agosti. Siku hiyo wapimaji wa skimu saba tuliitwa kwenye semina makao makuu. Tulikuwa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayolia. Mtaalamu, kijana mpole mwenye miwani, alitundika karatasi kubwa ukutani. Alieleza kwamba nchi imeingia mkataba mpya wa biashara ya mazao. Zamani mchele wa nje ulitozwa ushuru mkubwa wa forodha mwaka mzima, na waziri aliupandisha au kuushusha anavyoona. Waliotukopesha walisema huo si utaratibu, ni ubabaishaji. Sasa kuna kanuni: makadirio ya skimu zote yanajumlishwa, na jumla ikiwa chini ya mahitaji ya nchi, ushuru unaondoka wenyewe kwa miezi mitatu, na inaweza kuongezwa mingine mitatu. Akaonyesha kwa kijiti. Mahitaji yalikuwa mstari wa juu, mavuno yetu mstari wa chini, na katikati nafasi pana aliyoipaka rangi ya kijani. Alisema nafasi ile ndiyo upungufu, na upungufu ndio uliofungua mlango. Alionekana mwenye huruma kweli. Alisema poleni kwa mwaka mbaya.

Dada, haukuwa mwaka mbaya. Niliwatazama wenzangu sita. Wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Wakati wa chai mmoja wao, mama mtu mzima aliyepima miaka ishirini, alininong'oneza kwamba kwao huiita kona ya mgeni. Mwingine akasema kwao ni kona ya bata. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake aliyepunguza, na kwamba tone lake haliwezi kuonekana kwenye ndoo ya nchi nzima.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha hapa. Mzee Kiraka, kabla ya kuondoka jana, aligeuzageuza kofia yake mikononi akanisimulia kikao cha wajumbe cha wiki iliyopita. Alisema mwanachama mmoja alisimama akakutuhumu kwamba ulijua mlango utafunguliwa, kwa sababu mdogo wako yuko ofisini, na kwamba ulikuwa umepatana na mwenye mashine. Watu wakaguna. Wewe hukupandisha sauti. Uliwaambia kwamba kosa la kungoja Septemba ni lako na utalibeba, lakini mimi wasinitie mdomoni. Ukasema, "Mdogo wangu angejua, angeniambia." Mzee Kiraka alisema kila mtu aliamini. Kisha akaniuliza mimi, huku ananitazama usoni, si ndivyo? Nikamwambia nina kazi nyingi, arudi leo achukue barua.

Nilijua, Dada.

Waraka ulifika ofisini tarehe 3 Februari. Kurasa nne. Wenzangu waliusaini bila kuusoma, mimi nikauchukua nyumbani kama ninavyochukua kila karatasi. Kanuni yote aliyoieleza Mtaalamu mwezi wa nane iko ukurasa wa tatu. Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Katika daftari, tarehe 4 Februari, nimeandika: "Namba zetu ndizo zitakazofungua na kufunga mlango wa nchi. Niwaambie skimuni." Nimeandika hivyo kwa mwandiko wangu mzuri, nikafunga daftari, nikalala.

Sikuwaambia Februari kwa sababu mavuno yalikuwa mbali. Machi nilisema nitakuja Aprili. Aprili mkataba wangu wa kazi ulikuwa mezani kwa mkuu wangu, niajiriwe moja kwa moja kuanzia Juni au niachwe, na kuwaambia ninyi muikomeshe desturi ya kona ya serikali kulikuwa ni sawa na kumwambia yeye kwamba miaka miwili nilimletea uzito wa magugu. Mei, nilipofika kwako, nilikuwa nimekwisha kupima majaruba hamsini na mawili kwa njia ya Baba. Kama ningeilaza fremu pale katikati uliponionyesha, namba yako ingesimama peke yake kati ya zote na kuniumbua. Ndiyo maana uliponiuliza zinakwenda wapi nilikujibu vile. Uliniamini, ukainama, ukakata mita yako kwa kipimo cha kamba, jioni ukanipigia simu kwa furaha kwamba imetoa gramu mia sita na kumi. Wewe peke yako katika skimu nzima ulipima kweli. Na mimi, ulipokwenda kuniletea maji ya kunywa, nilikuwa nimelaza fremu ukingoni, bata walipokanyaga. Kwenye fomu, dhidi ya jina lako, nimeandika mia mbili hamsini na tano.

Juni nikaajiriwa. Nilikuletea kitenge, ukakivaa kwenye ule mkutano.

Sisemi kwamba ni mimi niliyeleta meli. Waliotunga kanuni hawakuuliza namba zinapatikanaje wala anayezitoa anadhani ni za nini. Waliyaacha malipo ya wakulima wa kule kama yalivyo, wakaondoa ushuru wa kwetu, na mlango wakaufungua mwezi uleule wa mavuno. Hayo yana wenyewe, na ningetamani wangekuja kuliona ghala. Lakini mtu aliyekuwa na ukurasa wa tatu mkononi miezi minne kabla ya magunia kuingia ghalani ni mmoja, na alikuwa amesimama mlangoni akiona fahari.

Juzi, Jumatatu, nimempa mkuu wangu maelezo ya maandishi, kurasa sita, pamoja na namba za majaruba yote sitini na mahali fremu ilipolala. Alisoma akaniuliza kama ninaumwa. Alisema soko litajirekebisha lenyewe, nikalale nyumbani nifikiri, na kwamba nikisisitiza hawezi kunilinda. Jana mchana nilipeleka nakala makao makuu kwa mkono wangu, wakaigonga muhuri wa kupokelewa. Mama wa kona ya mgeni ameahidi kupeleka yake. Ajira yangu sijui itafika mwisho wa mwezi. Hilo usilipe nafasi kichwani, una mengi.

Ndani ya bahasha hii utakuta nakala ya ukurasa wa tatu na kurasa nne za daftari langu, za Februari, Mei na Juni. Nimezichana. Unajua sijawahi kuchana ukurasa.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, usiyaachie majaruba. Uliwaambia wangoje Septemba kwa sababu ulijua mpunga ni mwingi, na ulikuwa mwingi. Ushauri wako ulikuwa sahihi kwa mtu ambaye hajafichwa kitu. La pili, Jumamosi isomwe barua hii mbele ya wanachama, na asome Mzee Kiraka mwenyewe, ana sauti, na pengine ana haki ya kuniona nikisikiliza. Maana nitakuwepo. Nitakuja na basi la kwanza. Kama hutaki niingie kwako nitaelewa, nitakaa kwenye baraza la ghala mpaka nitakapoitwa, na nisipoitwa nitarudi na basi la saa tisa. Ukiamua kutoisoma, nitasimama niseme kwa mdomo, ingawa unajua mdomo wangu hauna nguvu kama mkono.

Nitakuja na fremu pia. Sijairudisha ofisini, na kabla hawajaidai nataka niwaachie wanachama, mpunga wa msimu ujao ukikomaa mpime wenyewe, kwa jedwali, mpeleke namba zenu zikiwa na saini zenu. Ushuru wa mazao utapanda, na kwa hilo nitalaumiwa. Jaruba la kwanza liwe lako. Ukitaka niishike fremu mimi kwa mara ya mwisho, simama tena pale katikati uniambie niweke hapo. Usipotaka, mpe mwingine aishike, mimi nitatazama nikiwa tutani.

Msalimie Shemeji, mwambie baiskeli hiyo aipumzishe. Wabusu wanangu. Mwambie mdogo mkoba nitauleta Jumamosi hata kama ni wa bluu. Jirani zako wa pande zote mbili nao nawasalimu, kama bado wanapokea salamu zangu baada ya kusikia haya.

Ni mimi mdogo wako uliyemsomesha,
Karani

Nimesahau kusema: usije kunipokea kituoni, goti lako lina safari ya kutosha mpaka ghalani.